UZI: Gari la porini ulilolibadilisha, likiwa barabarani sheria inakudai nini? (Malindi, Lamu na kwingine Pwani)

Mpwani wa Ngomeni (mwenye uzi)

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Wiki hii vijana watatu wamenijia nyumbani hapa Malindi kuitazama pikapu yangu. Mmoja aliuliza springi nilizipata wapi. Wa pili aliulizia bampa, wa tatu bei ya matairi. Hakuna aliyeuliza habari ya breki, na mimi siku nilipoanza kuibadilisha sikuuliza vilevile. Ndiyo maana nafungua uzi huu. Ni mrefu, mniwie radhi, lakini someni.

Kazi yangu ni samaki. Napakia Ngomeni na Marereni alfajiri, nashusha mjini kabla jua halijawa kali. Anayeijua njia ya Ngomeni wakati wa masika haulizi kwa nini niliinua Hilux yangu. Ukiacha lami pale Gongoni, tope la kandokando ya viwanda vya chumvi linanasa gari kama ulimbo. Basi nikafunga springi za kuinua inchi 2, yaani milimita 50. Matairi ya 265/70R16 nikayatoa, nikaweka makubwa zaidi, 285/75R16. Mbele bampa la chuma na winchi, ubavuni snokeli, yaani bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, juu ya keria taa ndefu ya LED. Njia ya Ngomeni ikawa nyepesi kweli, sitaficha.

Jioni moja natoka Mambrui kurudi mjini, nyuma nina makreti ya samaki na barafu. Kabla sijafika daraja la Sabaki bodaboda ikaingia barabarani kutoka kushoto. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Pua ya gari ikainama, matairi ya mbele yakalia, na nyuma nikahisi kama mtu ananisukuma. Nilimpata yule kijana kwa pembe ya bampa. Akaanguka mchangani, kiwiko kikachubuka, gurudumu la nyuma la pikipiki likapinda. Alhamdulillahi yakaishia hapo. Nilikaa naye hospitali mpaka saa nne usiku, na kila nikiutazama ule mkono najiuliza: gari hili lilikuwa linashika breki vizuri, limepatwa na nini?

Kampuni ya bima ilimtuma mtu wake. Akapiga picha bampa, matairi na springi, kisha akaniuliza swali moja tu: "Haya ulituarifu lini?" Sikuwa nimewaarifu. Pikipiki ya kijana wa watu niliitengeneza kwa pesa zangu, na gari langu vilevile.

Jawabu la breki nilipewa na fundi mmoja mzee wa Maweni. Hakufungua hata boneti. Alilala chali chini ya gari kwa nyuma, akaniita nilale kando yake. Akanionyesha valvu ndogo iliyofungwa kwenye chesisi, na kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye valvu hiyo kwenda kwenye ekseli. Kile kifimbo ndicho kinachopima mzigo. Ukipakia, gari linaketi, chesisi inaikaribia ekseli, kifimbo kinasukumwa juu, na valvu inaachia presha zaidi ya breki iende nyuma. Gari likiwa tupu linanyanyuka, kifimbo kinashuka, valvu inabana, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari likazunguka. Sasa mimi nimelinyanyua gari milimita 50, na kifimbo kimeachwa kama kilivyotoka kiwandani. Valvu ikawa inahesabu gari ni tupu siku zote, hata nikiwa na kilo 600 za samaki. Mzigo wote ule ulikuwa unasimamishwa na breki za mbele.

Dawa yake ilikuwa kipande cha bati nene chenye matundu mawili, kikafungwa kwa bolti kuinua mguu wa kifimbo kwa kiasi kile kile gari lilivyopanda. Haikuchukua saa nzima. Aliyenifungia springi, gereji sitaitaja, hakuligusa jambo hilo wala hakulisema.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu nyote mnauliza "ni halali ama si halali" kana kwamba kuna orodha mahali. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote, taa na matairi zikiwemo, zitimize masharti yake, na zitunzwe katika hali isiyoweza kuwatia hatarini watumiaji wengine wa barabara au waliomo ndani. Adhabu iko kifungu cha 58: faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kwa hiyo mtu akikwambia Kenya inaruhusu kuinua gari, hajakwambia kitu bado. Muulize: baada ya kuinua, linasimama? Taa zinaangalia wapi? Usukani unarudi wenyewe katikati? Breki zangu zilikuwa zinavunja kifungu cha 55 kwa miezi mingi, nami naendesha nikijiona niko sawa.

Logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, ni habari nyingine. Haina mstari wa kimo cha gari. Ina rangi, nambari ya injini, aina ya bodi, idadi ya abiria, uzito. Ukigusa kimojawapo kati ya hivyo, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wajue: unaanzia eCitizen kuomba kubadilisha maelezo ya gari, na gari linakaguliwa. Huku kwetu kuna Land Cruiser nyingi za zamani zilizovalishwa injini nyingine baada ya ile ya kwanza kuchoka, na logibuku bado ina nambari ya injini iliyouzwa chuma chakavu. Gari hilo ukitaka kuliuza, ama likihusika kwenye ajali, ndipo utakapoona uzito wake.

Nimalizie na matairi, kwa hesabu. 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777. 285/75R16 ina 834. Tofauti ni karibu asilimia 7. Maana yake spidomita ikikuonyesha 100, wewe uko 107. Kwenye barabara yenye kikomo cha 100 umeshavuka, na kwa kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 kuzidisha kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500. Pesa si nyingi, lakini ikikuonyesha 50 mbele ya shule ya Gede uko karibu 54, na watoto wanavuka.

Ulizeni, nitajibu ninalolijua.

Fundi Barani

Ndugu yangu, Mungu akulipe kwa hii habari ya valvu. Nimeshika spana miaka mingi na ninaweza kuhesabu kwa vidole wateja waliokuja kuiulizia.

Naongeza mawili. Kwanza, paipu za mpira za breki. Ukiinua gari, ekseli inaning'inia chini zaidi ikiingia shimoni. Paipu iliyokuwa na ulegevu sasa inavutika kama kamba ya ngalawa. Peleka gari kwenye jeki, ninginiza ekseli mpaka mwisho, kisha shika paipu kwa vidole. Ikiwa imekaza, badilisha kwa ndefu zaidi siku hiyo hiyo.

Pili, taa kubwa za mbele. Naona watu wengi wanatoa globu ya H4 wanachomeka ya LED ndani ya taa ile ile ya zamani. Ndani ya globu ya H4 waya wa dimu, ule mwanga wa chini, una kikombe kidogo cha chuma chini yake. Kikombe hicho ndicho kinachokata mwanga usiende juu kwenye macho ya mwenzako. Kioo chote cha taa kilipimwa kufuatana na mahali ule waya ulipokaa. LED nyingi za bei rahisi haziwaki mahali pale pale, kwa hiyo hata ukishusha dimu mwanga unamwagika kote. Wewe ndani unaona weupe mwingi, unadhani umefaidi. Anayekuja mbele yako kwenye barabara ya Kilifi haoni kitu.

Mpwani wa Ngomeni

Ahsante sana fundi. Kwenye taa na mimi nina langu.

Baada ya kuinua gari sikurekebisha taa. Usiku mmoja nilikuwa nyuma ya tuktuk, nikaona kivuli cha dereva kimechorwa chote kwenye kioo chake cha mbele. Mwanga wangu ulikuwa unapita juu ya viti vyake. Siku ya pili nikapeleka gari kwenye ukuta wa ghala, mahali palipo sawa. Nikapima kutoka chini mpaka katikati ya taa, nikatia alama ya chaki ukutani kwa kimo hicho hicho, nikarudi nyuma mita 10 na kuwasha dimu. Mstari wa juu wa mwanga unatakiwa uwe sentimita 10 hivi chini ya chaki. Wangu ulikuwa juu ya chaki kwa shibiri nzima. Bisibisi moja na dakika ishirini, kwisha. Lakini pimeni mkiwa na mzigo wenu wa kawaida, kwa sababu nyuma ikiketi pua inatazama juu.

Ile taa ndefu ya juu ya keria sasa ina kifuniko. Nikiwa njiani kifuniko kiko juu yake, na swichi yake nimeitenganisha na fulu, ule mwanga wa mbali. Zamani ilikuwa inawaka pamoja na fulu, na nikiifikiria hali hiyo kwenye daraja la Sabaki usiku naona aibu kweli.

Kijana wa Kakoneni

Kaka, nakuheshimu, lakini mbona unatutia hofu? Sisi huku njia yetu ni ya Sala, ya kwenda geti la Tsavo Mashariki, na tunapopita sana ni vumbi. Lami hatuikanyagi sana. Na askari wakikusimamisha hawapimi valvu, wanaangalia bampa na taa basi. Magari ya mashirika na ya serikali yana bampa za chuma na hakuna anayeyasimamisha.

Mpwani wa Ngomeni

Mdogo wangu, hofu ni ile niliyoiona usoni mwa yule kijana wa bodaboda, na ningependa isikufike.

Hilo la lami ni kosa la wengi, hata mimi nilikuwa nalo. Sheria haianzii pale lami inapoanzia. Barabara ya umma ni barabara, iwe ya vumbi au ya changarawe. Hapo Langobaya siku ya soko kuna mama mwenye ndoo kichwani, kuna mbuzi, kuna watoto. Hao ndio "watumiaji wengine wa barabara" wanaotajwa kifungu cha 55.

Bampa la chuma sikulitoa, bado liko. Ila ujue bampa la kiwandani limetengenezwa libonyee, linywe pigo. La chuma nene halibonyei, pigo linakwenda kwa aliyegongwa na kwenye chesisi yako. Huko Ulaya waliliona hili wakatunga kanuni yake mwaka 2005: bampa za ziada za mbele zipimwe jinsi zinavyomuumiza mtembea kwa miguu kabla ya kuuzwa. Langu lilikuwa na pembe mbili zilizochomoza kama za ng'ombe. Nimezikata na kuzipiga msasa zikawa mviringo. Pembe mojawapo ndiyo iliyomkuta yule kijana.

Na nambari ya gari. Winchi yangu ilikuwa inaficha nusu ya nambari, nikaibandika kwenye dashibodi nyuma ya kioo. Hilo askari analiona akiwa mbali, na halihitaji kipimo: nambari isiyofungwa inavyotakiwa ni shilingi 10,000 kwa kanuni zile zile za 2016. Sasa nimeichomelea fremu yake chini ya winchi, inasomeka yote.

Sailensa sitaijadili sana. Mliotoa sailensa ili gari lingurume, rudisheni. Wagonjwa na wazee wanalala.

Dada wa Watamu

Shukran kwa uzi. Mume wangu anataka kununua Land Cruiser ya zamani akate paa, aweke viti saba na paa la kufunguka, apeleke wageni Tsavo. Fundi kamwambia ni kazi ya wiki mbili. Kuna ubaya?

Mpwani wa Ngomeni

Dada, kazi ya kukata yaweza kuwa wiki mbili. Lakini hapo mmebadilisha bodi na idadi ya abiria, yote mawili yamo kwenye logibuku, na mnabeba watu kwa malipo. Kwa hiyo ni ukaguzi, ni leseni ya gari la abiria wa utalii, na ni bima ya aina hiyo. Bima ya gari la kibinafsi haitawafaa hata kidogo mgeni akiumia.

Kisha muulizeni huyo fundi maswali mawili. Paa likikatwa, ni nguzo zipi zitabaki kushika gari likipinduka? Na mikanda ya viti saba itafungwa kwenye nini? Mkanda uliofungwa kwenye bati ya sakafu kwa bolti na washa ndogo unang'oka pamoja na bati. Unataka sahani nene ya chuma upande wa chini, ama ufike kwenye chesisi. Akisita kujibu, tafuteni fundi mwingine.

Mwana wa Mokowe

Maskani yangu Lamu kisiwani lakini gari linalala Mokowe, si mnajua hali yetu. Mwishoni mwa 2023 maji yalipoikata barabara ya Garsen niliamua kufunga snokeli, na nyuma pia nimeinua kama wewe. Snokeli ina kosa kisheria? Na wewe ulimwambiaje mtu wa bima mara ya pili?

Mpwani wa Ngomeni

Ami, snokeli yenyewe sioni kosa lake, mradi isikuzibie kuona kwenye kona ya kioo cha mbele. Shida ya snokeli ni kuamini kwamba inafanya kazi. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inapanda kuyabana, na maji hayabaniki. Kinachopinda ni mkono wa pistoni. Snokeli nyingi zinazofungwa huku zimeunganishwa kwa mpira na klipu bila kuzibwa chini ya madigadi, kwa hiyo maji yanaingia pale pale yalipokuwa yakiingia zamani. Jaribu hivi: injini ikiwa inawaka bila kukanyagwa mafuta, funika mdomo wa snokeli kwa kiganja au ubao. Ikizibwa vizuri injini itakosa pumzi na kuzimika. Ikiendelea kunguruma kama kawaida, inavuta hewa mahali pengine, na huko ndiko maji yatakakopita.

Kuhusu bima, nilikwenda ofisini na karatasi moja. Nimeandika kila kilichobadilishwa: springi, matairi na vipimo vyake, bampa, winchi, snokeli, taa. Nikaambatisha risiti na picha, nikaomba wanijibu kwa maandishi. Ada ilipanda kidogo, na sasa barua yao iko kwenye faili pamoja na logibuku. Jua pia kwamba bima ya lazima chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya inamlinda aliyeumia, hadi shilingi milioni 3, lakini kampuni ikiona umewaficha jambo inaweza kukugeukia wewe urudishe.

Jirani yangu Mtaliano alishangaa niliposema hapa nimefanya haya kwa hiari. Kwao kifungu cha 78 cha sheria ya barabara kinataka gari lililobadilishwa umbile likaguliwe upya na cheti chake kiandikwe upya, la sivyo halitembei. Na springi hizi zetu nyingi ni za kutoka Australia. Kule majimbo kama New South Wales na Victoria yanakuachia uinue milimita 75 kwa jumla bila cheti cha mhandisi, yaani 50 za springi na 25 za matairi. Ndiyo maana seti nyingi za springi zinauzwa zikiwa za milimita 50. Nilipopiga hesabu, matairi yangu peke yake yamelinyanyua gari milimita 28. Nimepita kipimo chao. Matairi haya yakiisha nashuka kwenye saizi ndogo zaidi, 265/75R16.

Fundi Barani

Hiyo 265/75 ni chaguo zuri, na itaacha kusugua madigadi kwenye kona. Wa Mokowe, ukifika kwenye kile kifimbo usikipinde kwa nyundo kama wanavyofanya wengine. Kinavunjika njiani.

Mwana wa Mokowe

Nimetoka chini ya gari sasa hivi, nguo zote mchanga. Snokeli: nimeziba kwa kiganja, injini imeendelea kunguruma kama hakuna kitu. Nimefungua klipu chini ya madigadi, mpira umepasuka na ndani kuna tope kavu, nadhani ni la mwaka ule ule.

Valvu nimeiona. Nyuma imepanda sentimita tano na nusu, na kifimbo kimefungwa pale pale pa zamani, bolti bado ina rangi ya kiwandani. Kesho nilikuwa niwapeleke mama na wadogo zangu Malindi kliniki. Nimewapigia simu, watapanda basi. Fundi, nitumie kwenye ujumbe unene wa kile kipande cha bati, hapa Mokowe kuna mchomeleaji.